Ujumbe wa Saa Ishirini na Nne

"Simu ya bi harusi hii," alisema Fahmi, akaiweka juu ya kaunta. "Imenyamaza kabisa. Inapigwa, jina analiona, lakini sauti haitoki. Kila niliyemuuliza kanambia fundi ni Hafidh wa Konde."

Hafidh alikuwa kainamia simu ya mtu mwengine, bisibisi mkononi. Akainua kichwa amjibu mteja, akamwona mke wa mteja.

"Waalaykumu salaam," alisema, na wala hakuna aliyekuwa kamsalimia.

Jamani, kuna kukutana na kuna kukutanishwa. Yumna alikuwa katoka ndani ya fungate siku ile ile, hina haijaanza kufifia, analetwa Konde kumwamkia shangazi wa mumewe. Njia nzima tangu Wawi alikuwa akimwomba Mungu gari ya Fahmi isisimame stendi ya Konde. Alishamwambia Fahmi mara mbili kuwa simu si kitu, ataizoea hivyo hivyo. Fahmi naye, mtu mwema asiye na kona, akadhani mkewe anamwonea haya, akazidi kumpenda, akampeleka moja kwa moja mpaka dukani kwa mtu ambaye Yumna aliapa hatamwona tena.

"Iliingia maji?" aliuliza Hafidh. Alikuwa akiitazama simu, si mtu.

"Ilianguka kwenye ndoo," alijibu Yumna.

"Lini?"

"Alhamisi moja."

Na hiyo Alhamisi moja ndiyo habari yenyewe, basi nisikilizeni.

Huyu Hafidh hakuwa fundi tu. Kila asubuhi, gari za abiria hazijatoka Konde, alikuwa akirikodi voisi ya dakika tatu, akiituma kwenye kundi la simu na kuiita Habari za Njiani. Ilikuwa ya watu wasio na nafasi ya kukaa wakasoma: madereva, wachuuzi, walimu wanaofukuzia gari. Simu gani imetoka, ipi inakaa na chaji siku mbili, pawabenki ipi imeandikwa uongo ubavuni, simu ya maji chumvi uifanyeje kabla hujamfikia fundi. Madereva waliitia kwenye spika ya gari, na kutoka Konde hadi Mkoani watu waliijua sauti ya Hafidh kuliko ya majirani zao.

Yumna alikuwa mwalimu wa chekechea kwao Mtambile. Siku moja alituma swali kwenye kundi, kwa nini simu yake imejaa na yeye hana picha. Hafidh akamjibu mbele ya watu. Kesho yake akamjibu pembeni, na hapo pembeni wakakaa miaka miwili. Hawakuwahi hata kushikana mkono. Mapenzi yao yote yalikuwa mle ndani ya simu.

Sasa Yumna ana kaka, Abrahman, na Abrahman ana mkono wa kupekua. Hafidh akaona aoneshe uhodari. Wiki za mwanzo tu za mapenzi yao alitangaza katika Habari za Njiani habari za ujumbe unaojifuta: ukiuwasha, kila mnachotumiana kinapotea baada ya saa ishirini na nne, kwako na kwa mwenzio. Jioni akauwasha kwao wawili.

"Sasa apekue mpaka achoke," alimwambia. "Siri yetu haina ushahidi."

Yumna alicheka. Wallahi alicheka, na hicho kicheko ndicho kinachomuuma mpaka leo.

Ikaja posa ya Fahmi kutoka Wawi. Watu wa heshima, mume mwenye duka lake la mbao, hana sifa mbaya. Mzee Msellem, baba yake Yumna, akaahidi kutoa jawabu Alhamisi baada ya alasiri. Yumna akampigia Hafidh Jumapili akamweleza. Hafidh akasema ampe nafasi afikiri, atamjulisha.

Kesho yake, Jumatatu, Yumna ilimbidi aende kambini, wanakolala wachuma karafuu. Karafuu zilikuwa zimeiva, skuli zimefungwa watoto wakachume, na mama yake, Bi Bimkubwa, hakuwa na mkono mwengine wa kumsaidia. Hafidh alimpelekea pawabenki yake kwa mkono wa dereva, na kijikaratasi: *Wewe utaihitaji kuliko mimi.* Basi ikamfaa kwa tochi tu, kwa sababu bondeni kule kambini mtandao haushiki hata upande juu ya mkarafuu, na hilo Hafidh hakulijua.

Alhamisi adhuhuri akarudi. Garini mtandao ukashika, akafungua jina la Hafidh. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na ule mstari mmoja tu wa kusema ujumbe wa kujifuta umewashwa. Na papo hapo kwenye spika ya gari Hafidh anasikika, mchangamfu kama kawaida yake, anaeleza spika za masikioni zinazowafaa watu wa bodaboda. Yumna alipiga mara tatu. Simu imezimwa.

Basi akajisemea, huyu ana maneno ya Pemba nzima, yangu mimi tu ndiyo hana.

Alasiri baba yake akamwita chumbani, akamuuliza juu ya Fahmi. Na kwetu mwari haulizwi ili ajibu. Anaulizwa, anatazamwa, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Yumna alinyamaza kwa hasira, kwa uchungu, neno likamkaa mdomoni. Mzee Msellem akasikia ndiyo, akatoka ikasomwe Fatiha ya posa. Magharibi haijaingia, simu ikawa ndani ya ndoo. Kama iliteleza au ilitupwa, mie sikuwapo, sisemi.

Sasa turudi dukani, maana Hafidh ameshaifungua simu na anasafisha kutu kwa mswaki.

Fahmi hakupenda kukaa kimya na mtu. Akamuuliza mbona wiki nne hizi Habari za Njiani hazisikiki, gari zimekuwa kavu. Hafidh akasema amechoka kusema. Fahmi akamsifu hata hivyo, kwamba ile ya ujumbe wa kujifuta ilimfaa sana, ameiwasha na wateja wake wote.

"Izime," alisema Hafidh.

"Kwa nini tena?"

"Izime, ndugu yangu. Kuna rafiki yangu imemponza."

Fahmi akavuta kibao akakaa. Yumna alibaki amesimama.

"Alikuwa na mtu wake," alisema Hafidh, bado kainamia simu. "Akapata habari huyo mtu anaposwa. Baba yake rafiki yangu keshakufa, mzee wa kumpelekea posa ni ami yake tu, yuko Unguja, na wamenuniana miaka minne. Siku mbili kapigana na nafsi yake. Jumanne akaamua, akaenda kumwangukia ami yake miguuni. Kabla ya kupanda meli akamtumia mwenzake voisi: mwambie baba asitoe jawabu, Ijumaa tunakuja."

"Akajibiwa nini?"

"Hakujibiwa neno."

"Basi huyo mwanamke hakumtaka," alisema Fahmi. "Angemtaka angejibu."

"Na mimi ndivyo nilivyomwambia."

Yumna alishika ukingo wa kaunta. Alijua akisema kitu sauti itamsaliti, na alijua asiposema atakufa nacho. Akaanza mbali.

"Zile Habari za Njiani," aliuliza, "hurikodiwa asubuhi ile ile?"

"Nikiwa na safari huzirikodi za wiki nzima," alisema Hafidh. "Dada yangu Ruweida huzituma."

"Kumbe."

"Ndiyo."

"Na huyo rafiki yako. Alhamisi simu yake ilikuwa imezimwa?"

Mswaki ukasimama.

"Ilimwishia chaji melini, anarudi na ami yake," alisema Hafidh taratibu. "Pawabenki yake alikuwa kampa mtu."

Fahmi akasema hayo ndiyo mambo ya meli, hata yeye yalishamfika. Hakuna aliyemsikia.

"Nauliza tu," alisema Yumna. "Mtu yuko kambini, bondeni, hakuna mtandao. Katumiwa ujumbe Jumanne. Ametoka Alhamisi adhuhuri. Ataukuta?"

Jibu Hafidh alikuwa nalo, Pemba nzima yeye ndiye aliyeifundisha.

"Hataukuta."

"Hata kama hajausikia?"

"Hata kama hajausikia. Saa zinahesabiwa tangu ulipotumwa."

"Na aliyeutuma, hataona kwamba haukusikilizwa?"

"Kwake pia umefutika. Asipowahi kutazama, haoni chochote. Anabaki na dhana zake."

"Basi hakusikia, yule," alisema Yumna.

Kwa mara ya kwanza tangu waingie, Hafidh alimtazama. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, akajifanya ni moshi wa pasi ya kulehemu, na wala alikuwa hajaiwasha.

"Hakusikia," alisema.

Fahmi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akauliza kama huyo rafiki alikwenda au aliishia njiani.

"Alikwenda. Ijumaa asubuhi, yeye na ami yake. Baba mtu aliwapokea barazani msikitini kwa heshima zote. Akawaambia binti keshaposwa jana na mwenyewe karidhia. Ungefanyaje? Huwezi kuposa juu ya posa ya mwenzio. Wakanywa kahawa wakarudi."

Hili Yumna hakulijua. Hakuna aliyelijua nyumbani kwao, kwa sababu posa isiyokubaliwa husitiriwa, mtu asije akachekwa, na Mzee Msellem ni mtu wa sitara. Ijumaa ile asubuhi Yumna alikuwa uani anaanika karafuu na mama yake. Baba aliporudi msikitini, alisema tu kuwa jua leo ni zuri.

"Karidhia," alisema Yumna. Neno lilimtoka vipande. "Labda alinyamaza tu."

Fahmi akacheka kicheko chake kizuri kile.

"Si ndiyo kuridhia kwenyewe? Hata wewe ulinyamaza, nimeambiwa."

Nje, utingo alikuwa akiita abiria wa Wete.

Hafidh akafunga simu, skrubu moja baada ya nyengine. Akaiwasha. Akasema spika amebadilisha na maiki ameisafisha, lakini lazima ijaribiwe kwa sauti ya mwenyewe. Akabonyeza pa kurikodi, akaisogeza upande wa Yumna, asimguse.

"Sema neno," alisema. "Lolote."

Yumna aliitazama simu. Miaka miwili aliijaza maneno mle ndani, na yote yalikwenda na saa zake. Akainama karibu.

"Nilikuwa kambini," alisema.

Hafidh akabonyeza. Sauti ikatoka, safi, kubwa, ikajaa duka zima: *Nilikuwa kambini.*

"Haya, inasema," alifurahi Fahmi. "Na huyu na karafuu zake! Hata harusini hajazisahau."

"Niifute?" aliuliza Hafidh.

Yumna alimtazama mumewe, aliyekuwa keshatoa pochi na hajui kosa lake ni lipi, kwa sababu hakuwa nalo. Angelikuwa mbaya ingekuwa rahisi.

"Futa," alisema.

Hafidh akafuta. Fahmi akataka kulipa, Hafidh akakataa, akasema ni zawadi ya harusi, na Mungu awape kheri. Walipokuwa wanatoka, Yumna alirudi hatua mbili akaweka kitu juu ya kaunta, akasema kilikuwa cha watu na ameshakitumia. Tangu Alhamisi ile kilikuwa mkobani mwake, harusini na fungateni. Ilikuwa ile pawabenki.

"Bado ina chaji?" aliuliza Hafidh.

"Sikuitumia sana," alisema Yumna. "Ilikuwa ya mwanga tu."

Kesho yake asubuhi, Fahmi alikuwa anampeleka Mtambile akawaamkie wazee. Kufika Chake Chake simu yake ikalia kwa voisi ya kundini, akaitia kwenye spika ya gari kwa furaha, akasema yule fundi karudi.

*"Asalaam alaykum, watu wa njiani,"* ilisema sauti. Haikuwa na ule uchangamfu. *"Leo sina simu mpya. Leo nakufundisheni kuzima kile nilichokufundisheni kuwasha. Fungua jina la mtu unayempenda. Bonyeza hapo juu penye jina lake. Teremka mpaka uone ujumbe wa kujifuta. Zima. Mimi nilisema siri isiyo na ushahidi ni salama. Nilikosea. Na ukiwa na neno la maana kweli, usilitume. Nenda kaliseme kwa mdomo wako, na ukifika ukamkuta hayupo, mngoje. Hizi zilikuwa Habari za Njiani, na leo ndiyo mwisho. Nakutakieni safari njema."*

Ikakatika. Yumna alikuwa amegeuza uso dirishani. Mikarafuu ilikuwa inapita, mingine imeshachumwa, mingine bado.

"Maskini, kamwonea huruma kweli rafiki yake," alisema Fahmi. Baadaye akasema, "Sikiliza, mke wangu. Simu yako ile imekwishaonja maji, haitadumu. Nikununulie mpya, tuanze na mambo mapya. Unaridhia?"

Yumna alifungua mdomo. Neno lilifika, likakaa pale pale lilipokaa ile Alhamisi.

Fahmi akasubiri kidogo, akamtazama, akatabasamu.

"Hewala," alisema, akakanyaga mafuta. "Nimeshafahamu."