Nilishusha Dot ya Gloire kwa Kinywa Changu

Walipofunua kitenge, kinywa changu kilikuwa wazi, katikati ya utani.

Kikabaki hivyo hivyo.

Chini ya kile kitenge alikuwa Gloire.

Gloire WANGU!

"Musemaji!" Papa Philémon, msemaji wa upande wa binti, akaniita kwa mbwembwe. "Njo uyu ua lenye mulifuata? Ao turudishe mu nyumba?"

Watu wakacheka. Nikageuka kumtazama bwana aliyenileta, Cyprien, mchuuzi wa mananasi ya Idjwi, suti ya bluu, kola inamkaba. Akaitikia kwa kichwa. Ndiye.

Nikageuka tena.

"Njo uyu," nikasema.

Mimi. Kwa sauti yangu. Hata haikutetemeka...

Ngojeni, msinitukane bado.

Naitwa Murhula. Hapa Bukavu, familia ya kijana ikienda kutoa dot, ile mahari yetu, kijana mwenyewe hasemi kitu. Anakaa kimya kama mgonjwa. Mtu mwenye mdomo ndiye anamsemea: anatania, anabembeleza, anapunguza ng'ombe. Mtu huyo mara nyingi ni mimi. Chuo kikuu sikufika. Nina diploma ya sekondari na mdomo.

Jumamosi hiyo msemaji wa akina Cyprien aliamka na malaria. Wakanipigia asubuhi, nikaazima koti, nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Bagira, kwa baba mkubwa wa binti. Jina la binti sikuuliza. Kwenye dot hatusemagi jina, tunasema "ua". Wasichana wanatolewa wamefunikwa vitenge, mmoja mmoja, na msemaji anasema: huyu si wetu, huyu si wetu... mpaka aseme huyu ndiye.

Na mimi nikasema huyu ndiye.

Sasa mtauliza, Gloire ni nani kwako?

Tulikuwa tunajiandaa pamoja kwa concours ya kazi ya Leta, ule mtihani wa kuingia serikalini. Baada ya misa, katika darasa la shule moja kule Nyawera, sisi wawili na somo lililotushinda wote: uchumi. Yeye anauliza, mimi natania.

"Murhula, inflation ni nini?"

"Ni wakati samaki ya sambaza inabaki ndogo vilevile, lakini bei yake inanenepa."

"Coût d'opportunité?"

"Nikikaa hapa na weye, ninakosa match. Basi bei yako ni ile match."

Anacheka mpaka anashika tumbo.

Siku moja akauliza bila kucheka.

"Besoin na demande, tofauti yake?"

"Iko mapacha," nikasema.

"Hapana. Besoin ni kutaka tu. Ata mutu mwenye kulala anaweza kutaka. Demande ni kutaka, uko na kitu ya kutoa, na unakuya ku soko unasema: miye niko hapa! Kama haukuye, soko haikujue."

"Eh, professeur!"

"Weye uko na nini, Murhula?"

"Niko na ngombe mbili kwa tonton, ndugu ya mama, kule Kabare. Kapitali yangu yote!"

"Zinafanya nini?"

"Zinakula majani. Zinangojea zikuwe munane, njo nikuye kwenu na heshima."

"Nani alikuambia munane?"

Nikalia kama ng'ombe. Mooo! Darasa lote tupu likaitikia.

Kisha akaanza kuniambia vitu.

"Kuna mutu anakuyaka nyumbani."

"Concurrence! Ushindani inainuaka qualité. Mwambie apange mulongo."

"Miye sicheki, Murhula."

"Kwanza concours, mon cœur. Kwanza concours."

Haya. Turudi Bagira.

Nimesimama chini ya turubai. Mnadhani nililia? Mnadhani nilianguka? Wasomaji wangu, sikusikia kitu. Kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, lakini halikujibu.

Kitu kimoja tu ndani yangu kilikuwa bado kinafanya kazi. Somo!

Nikakumbuka ile tuliyoita bei ya kulazimisha: ukiilazimisha bei kuwa chini kupita kiasi, muuzaji anakunja mali yake, anatoka sokoni. Nikasema moyoni, sawa. Nitashusha mpaka wasikie matusi. Watakasirika, watamrudisha Gloire ndani, dot itavunjika, kila mtu atarudi kwake na mimi nitajua la kufanya kesho.

Akili nyingi, sivyo?

"Mutoto wetu amesoma," Papa Philémon akaanza. "Karibu atapita concours ya Leta. Anaimba mu korali. Ngombe munane!"

"Papa, tunapiga magoti. Lakini mutu wa Leta anangojeaka mushahara kama mvua ya mwezi wa saba. Uyo si mutoto wa faida, ni deni yenye kuvaa sketi!"

Kicheko. Hata maman Consolate, shangazi yake Gloire, akajipiga paja.

"Punguza ngombe moja!" akapiga kelele. "Uyu kijana anasema kweli!"

"Na kuimba, tulishamusikia. Tunaomba mupunguze zingine juu ya masikio yetu."

Kicheko zaidi.

"Na mukwe wenu ni mutu wa mananasi. Mwaka hii mananasi imejaa soko, bei imeanguka. Mukimukamua leo, kesho mutoto wenu atakula maganda!"

Nilikuwa mzuri siku hiyo. Sijawahi kuwa mzuri vile.

Mwisho nikarusha ile ya kuvunja.

"Ngombe mbili. Na mbuzi. Basi."

Papa Philémon akavua kofia yake polepole.

"Kijana... unatutukana?"

"Njo bei yetu, Papa."

"Ngombe mbili kwa mutoto wa mutu?!"

"Na mbuzi."

Kasirika, mzee! Kasirika tu! Tufukuze!

Hapo baba yake Gloire, mzee ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie, akainua mkono.

"Philémon, kaa. Mu hii Bukavu ya leo, nani iko na ngombe munane? Benye kuwa nazo balishakimbia. Mukwe mwenye amefika anapita ngombe yenye haijafika. Tunakubali."

Vigelegele!

Cyprien akanishika mkono chini ya meza. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Grand, kaka yangu, nilikuwa na mbili tu," akaninong'oneza. "Nilijua banaenda kunifukuza. Nikasema, nifike tu, banifukuze niko mbele yao. Umeniokoa!"

"Kazi," nikasema.

Kulibaki jambo moja. Kwetu hawapokei dot mpaka binti mwenyewe aseme. Baba akamgeukia.

"Mwanangu, tupokee bitu bya hawa batu?"

Gloire akainua macho.

Hakumtazama Cyprien. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi!

"Anasikia haya," Papa Philémon akacheka. Baba akauliza tena. Gloire bado ananitazama. Turubai zima linangoja, hata watoto wameacha kutafuna.

Nyie mnajua nilifanya nini?

Nilitania.

"Bibi harusi anachunguza kwanza kama ile mbuzi iko na mimba!"

Wakavunjika mbavu wote. Gloire akainamisha macho.

"Mupokee, papa," akasema.

Desturi nyingine: bibi harusi anamletea msemaji wa wakwe glasi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anapiga goti, anampa. Gloire akaja. Akapiga goti. Muziki ulikuwa juu, hakuna aliyesikia.

"Musemaji wao hana malaria," akanong'ona.

"Eh?"

"Bibi yake tunaimba naye korali. Nilimuomba bwana wake akae nyumbani. Miye njo nilimutumia Cyprien namba yako."

Nikaishusha glasi.

"Juu ya nini, Gloire?"

"Nilitaka ukuye kwetu. Ata mara moja. Ata kwa makosa. Nilisema: akiniona, atasimama, atasema."

"Nilikuwa nashusha bei ili bakatae..."

"Nilingojea neno moja. Ulisema maneno mingi, yote ya kuchekesha." Akangoja ninywe, akachukua glasi. "Ngombe mbili, Murhula. Weye uko nazo."

Akaenda kumpelekea Cyprien kinywaji chake.

Mimi nikala. Ndiyo, nilikula. Wali, nyama, ndizi za kukaanga. Sikumbuki ladha. Maman Consolate akanifungia zingine za kupeleka nyumbani, eti nimefurahisha watu.

Concours ikafika. Ukumbi umejaa, jasho, kalamu. Gloire alikaa benchi la mbele yangu, pete kidoleni. Nikageuza karatasi. Swali la uchumi:

"Eleza tofauti kati ya besoin na demande, na utoe mfano."

Sikucheka. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Maelezo nikaandika yake, neno kwa neno, kama alivyonifundisha. Kwenye mfano nikaandika hivi: "Kijana mmoja wa Bukavu alikuwa na ng'ombe wawili na msichana mmoja moyoni. Hakupiga hodi. Mwingine alikuwa na ng'ombe wawili pia. Alipiga hodi."

Mbele yangu Gloire alikuwa ameacha kuandika. Sijui mfano wake ulikuwa nani. Baadaye akainama tena, akaendelea.

Matokeo bado. Ni Leta, mnajua wenyewe. Cyprien ameniomba niwe msemaji siku ya harusi, na nimekubali. Msiniulize kwa nini. Mdomo uko, siku iko wazi.

Nyie vijana mnaosoma hii mkiwa mmelala, mnaosema kwanza diploma, kwanza kazi, kwanza nyumba ya matofali: ile bei inayowatisha, nani aliwatajia? Mimi ile ya ng'ombe wanane niliipanga mwenyewe, nikaiogopa mwenyewe. Nenda kaulize. Wakikufukuza, utarudi umejua bei. Ukikaa kimya, hauko sokoni, hata moyo wako ukilia usiku na mchana. Na ukifika, weka utani chini kidogo. Sema lile neno moja.

Msinipe pole. Niko sawa. Niko tu.

Jana tonton alinipigia kutoka Kabare, anapiga kelele kwa furaha.

"Murhula! Ngombe moja imezaa! Sasa iko tatu!"

"Aksanti, tonton," nikasema. "Tatu."

Nikakata simu.