Masikio ya Dorkasi

Hadithi imebisha hodi. Fungueni masikio, fungeni midomo.

Dorkasi alikuwa msichana mdogo. Aliogopa jogoo. Aliogopa radi. Aliogopa hata kivuli cha ndoo.

Jani likianguka tu, chakacha!
Masikio yake husimama.
Moyo wake huenda du-du, du-du, du-du.

Kaka yake Chilewa alimcheka. "Dorkasi mwoga! Jani likianguka, anakojoa!"

Siku moja walikwenda na Bibi kuteka maji. Mto ulikuwa umekauka, mchanga mtupu. Huko kwao watu huchimba shimo mchangani, mpaka maji yachungulie.

Chilewa akaingia shimoni. Akachota kwa kata, chubwi! Akamimina ndooni, chwaa!

"Bibi," Dorkasi akauliza, "jina langu maana yake nini?"

"Paa," Bibi akasema. "Wayunani wa kale, huko mbali ng'ambo ya bahari, ndivyo walivyomwita paa. Mama yangu aliitwa Dorkasi. Nawe umemrithi."

"Lakini paa ni mwoga! Kwa nini hamkuniita Simba?"

"Simba hulala mchana kutwa, mdomo wazi, nzi wanaingia," Bibi akasema. "Paa huogopa, kwa hiyo husikiliza. Mama yangu alimwogopa fisi. Akamsikia kabla fisi hajamwona. Ndiyo maana mimi nipo hapa. Haya, shika ndoo!"

Jua liliwaka. Juu hapakuwa na wingu hata moja.

Ghafla, masikio ya Dorkasi yakasimama.
Moyo wake ukaenda du-du, du-du, du-du.

Mbali, mbali sana: vuuu...

"Bibi, kuna kitu kinakuja."

"Mimi sisikii. Masikio yangu yamezeeka."

"Ni upepo, mwoga wewe!" Chilewa akasema kutoka shimoni.

Vuuu... Vuuuuu... Mchanga ukatetemeka chini ya nyayo za Dorkasi.

Alitaka kukimbia. Miguu yake ilikuwa imeshaanza.

Lakini Chilewa yumo shimoni!

Akarudi. Akamshika mkono. Akapiga kelele kubwa kuliko mwili wake. "Chilewa, toka! Toka sasa hivi!"

Bibi akaiacha ndoo, akavuta mkono wa pili. Wakapanda ukingo, mbio, mbio, mbio.

VUUUUUUU!

Maji ya matope yakaja na magogo. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, huko juu. Shimo likamezwa. Kata ikaenda. Ndoo ikaenda.

Chilewa hakucheka. "Dorkasi," akasema, "na mimi moyo wangu unaenda du-du."

"Vizuri," Bibi akasema. "Leo sote ni paa. Ila ndoo yangu ilikuwa nzima kabisa!"

Usiku Chilewa akavuta mkeka wake, akautandika karibu na wa Dorkasi. "Dorkasi, unasikia nini?"

Dorkasi akasikiliza. "Mto umetulia. Na Bibi anakoroma."

"Sikoromi," Bibi akasema gizani. "Laleni."

Masikio yakalala.
Moyo ukaenda du... du... du...
Na Dorkasi naye akalala.