Orodha ya Macho ya Jumanne

Nakutegea, na ukishindwa nitadai mji, na mji ninaoutaka ni Voi na soko lake lote. Nimeibiwa. Nimehesabu vitu vyangu, vyote vipo. Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichoongezwa, mlango haukuvunjwa. Lakini nimeibiwa. Nimeibiwa nini?

Fikiria polepole huku nikikupeleka Voi, Jumanne tarehe 13 Septemba 1988, saa moja kasoro robo asubuhi, nje ya zahanati ya macho. Lois, karani wa pale, alitoka na karatasi mbili akazibandika ukutani. Zilikuwa na majina sabini na manne. Daktari wa macho alikuwa ameshuka kwenye treni alfajiri ile. Angepasua leo na kesho, watu thelathini tu, kisha aondoke mpaka mwaka ujao. Wa thelathini na moja arudi kwao.

Gertrude, karani wa vifurushi pale stesheni, alisogea asome. Alikuwa amemshika mkono Ndunge, mke wa mwanawe. Ndunge alikuwa fundi wa cherehani wa miaka ishirini na saba. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa kwa presha ya macho. La kushoto lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Ijumaa aliambiwa hapo hapo zahanati: wewe ni namba mbili, presha yako haiwezi kungoja.

"Niko wapi, mama?"

Gertrude alisoma mpaka thelathini. Akarudi juu akasoma tena.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Sitini na sita," akasema Gertrude.

Ndunge akakaa chini kwenye vumbi kama aliyekatwa miguu. "Basi nirudishe nyumbani," akasema. "Nirudishe sasa hivi nikamwangalie mtoto kabla halijafunga."

"Hatuendi popote."

Kufikia saa moja na dakika kumi ua wote ulikuwa unapiga kelele. Watu walimzunguka Lois.

"Umekula, wewe!"

"Tuambie umekula na nani! Mimi Ijumaa nilikuwa wa kumi na moja!"

Sajini Mwanzia wa polisi, aliyeletwa kulinda mlango, alimvuta Lois akamwingiza ofisini. Gertrude akaingia nyuma yao bila kuitwa.

"Mama, hapa si stesheni," Sajini akasema.

"Najua. Stesheni mzigo ukipotea kwenye daftari huwa unaonekana ghalani. Nitafutie wa kwangu au niache niutafute."

Sajini akamtazama, akamwachia kiti.

Lois alikuwa analia mpaka anakwama maneno. "Sijabadilisha kitu, afande! Fomu ni zile zile." Akawasha kompyuta, ile ambayo zahanati ilipewa na wageni. Maandishi ya kijani yakatokea. "Kila mgonjwa ana fomu yake hapa ndani. Kuna kisanduku cha haraka, ambacho daktari wa wilaya hujaza kwenye karatasi na kutia sahihi. Moja ni haraka sana, tatu anaweza kungoja. Mimi nanakili tu."

"Fungua ya Ndunge," akasema Gertrude.

Kisanduku cha haraka kilikuwa na moja. Sajini akaitoa kabatini karatasi yenye sahihi ya daktari huyo. Nayo ilikuwa na moja. Wakalinganisha fomu kumi zingine. Hakuna hata herufi iliyoguswa.

"Sasa kama fomu ni safi, orodha imechafukaje?" Sajini akauliza.

"Kompyuta ndiyo inayozipanga," akasema Lois. "Imewekwa izipange kwa haraka, wa moja watangulie. Leo saa kumi na mbili na nusu nilifika, nikabonyeza ichape. Sikusoma, nilikuwa nawahi."

"Na mtu akibadilisha namna ya kupanga?"

"Inakaa hivyo hivyo. Atakayefungua kesho yake ataikuta vile ilivyoachwa."

"Ufunguo wa hapa anao nani?"

"Mimi na Bwana Zephaniah, muuguzi mkuu. Lakini jana niliondoka saa kumi, na ufunguo wangu niliuacha msumarini, pale koridoni. Mtu yeyote angeuchukua."

Saa moja na dakika thelathini na tano mtu alichungulia dirishani akasema, "Mnahangaika na msichana wa watu, mbona hamuulizi Makau? Baba yake Ijumaa alikuwa wa hamsini, leo ni wa tano! Na jana Makau alileta kreti ya soda hapa!"

Makau, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaletwa.

"Soda ulimletea nani?" Sajini akamwuliza.

"Wauguzi. Kwani siku hizi soda ni kosa?"

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Niliwakuta wote, wakanywa wote. Afande, mimi ni mfanyabiashara. Kama ningekuwa nanunua nafasi, ningenunua ya tano? Ningenunua ya kwanza!"

Hata Lois alicheka katikati ya machozi. Gertrude hakucheka. Alikuwa ameikodolea macho orodha. Haikufuata majina. Haikufuata vijiji, maana wa Mwatate na wa Taveta walikuwa wamechanganyika. Haikufuata siku ya kuandikishwa. Akatoka nje, akasimama mbele ya watu.

"Jamani, acheni kelele mnisaidie. Jipangeni vile karatasi inavyosema."

Walinung'unika, wakajipanga. Gertrude akatazama ule mstari kama anavyotazama mizigo. Mbele zilikuwa fimbo tupu. Katikati, wazee wa nywele nyeupe, kisha kina mama wa makamo. Mkiani walikuwa vijana, na mwisho kabisa watoto watano wakiwa migongoni na mapajani mwa mama zao.

"Umri," akasema. "Imepanga kwa umri!"

Wa tano alikuwa Mzee Ndulu, babake Makau, ana kikombe cha chai mkononi na andazi mdomoni.

"Mzee, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka! Mimi nilizaliwa Wajerumani wakiwa Taveta. Mama alinikimbiza mgongoni, risasi huku, mimi nanyonya."

"Na kwenye fomu mliandika nini?"

"Muulize yule msichana. Mimi nilimpa Wajerumani wangu, akakosa pa kuwaweka."

Lois alikuwa amesimama mlangoni. "Nilikatazwa kubuni," akasema. "Asiyejua mwaka namwachia kisanduku kitupu. Na kompyuta ikipanga kwa mwaka wa kuzaliwa, kitupu hutangulia. Kwake ni kidogo kuliko mwaka wowote. Wako tisa."

"Basi tuanze na hao tisa, huenda mmoja wao ndiye aliyepangiwa haya yote," akasema Gertrude. "Wengine wamebebwa tu."

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na tano. Daktari angeanza saa tatu. Ndunge alikuwa mahali pake, wa sitini na sita, kichwa amekiinamisha, anafumbua na kufumba lile jicho moja kama anayejaribu taa inayokata.

Gertrude alipita kwa wazee tisa mmoja mmoja, akiinama uso kwa uso. Wa kwanza alikuwa amekuja kusomewa orodha tu, amekunywa uji. Wa pili hata hakujua kwa nini amewekwa mbele. Wa tatu alikuwa bibi wa milimani juu ya Mwatate, Elsie Wakesho, amekaa wima na kanga safi. Macho yake yalikuwa meupe kwa mtoto wa jicho. Gertrude alimsalimia, akakawia pale. Kisha akaendelea mpaka wa tisa, akarudi kwa Sajini.

"Sajini, kabla ya mtu kupasuliwa macho anafanywa nini hapa?"

"Anakatwa kope," akasema Lois. "Wale thelathini hukatwa saa mbili, baada ya orodha kubandikwa. Leo hatujaanza hata mmoja kwa sababu ya fujo."

"Orodha ilitoka saa moja kasoro robo ya leo. Yule bibi hana kope."

Sajini akaenda akachuchumaa mbele ya Elsie.

"Bibi, nani amekukata kope?"

"Mwanangu," akasema bibi kwa fahari. "Jana saa kumi na moja jioni. Ana mkono mwepesi. Akaniambia, mama, kesho utaona."

"Mwana wako ni nani?"

"Si Zephaniah, huyu mkubwa wa hapa?"

Zephaniah alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mkononi bakuli la mikasi midogo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, koti limepigwa pasi. Hakukimbia. Aliliweka lile bakuli sakafuni taratibu.

"Jana saa kumi na moja," akasema Sajini, "orodha haijachapwa. Wewe ulijuaje mama yako yuko kwenye thelathini?"

"Kwa sababu niliipanga mimi."

"Mbona hukumwandikia moja kwenye fomu yake, yakaisha?"

"Ina sahihi ya daktari. Na sikutaka kuandika uongo. Sikuandika hata neno moja la uongo, afande! Sikumfuta mtu." Sauti ikaanza kumpanda. "Miaka mitatu anaandikwa tatu. Anaweza kungoja, anaweza kungoja. Mtoto wa jicho hana haraka, wanasema. Na mama yangu je? Anaangukia jikoni, anaungua mikono, anapapasa ukuta kutafuta choo. Ana miaka themanini na kitu, anangoja nini? Nilibonyeza mara mbili tu. Mara mbili!"

"Ukawaibia zamu zao," akasema Gertrude, lakini kwa sauti ya chini. Wengi pale walikuwa na mama wa namna hiyo.

"Zephaniah," akaita bibi Elsie. Alikuwa amesimama, uso ameugeuza upande wenye sauti. "Ulipobonyeza, ulijua kuna mtu atapofuka?"

Zephaniah akatazama chini.

Sajini akamwambia Lois arudi ofisini. Saa tatu kasoro dakika ishirini mashine ikaanza kukwaruza, orodha mpya ikatoka. Elsie Wakesho, wa hamsini na nane. Ndunge, wa pili. Lois mwenyewe alileta mkasi na sabuni za kumkatia Ndunge kope.

"Mama, usiniache," akasema Ndunge.

"Niko hapa. Kaza shingo."

Ndunge alipopitishwa kuelekea chumba cha daktari, bega lake liligusana na la bibi Elsie. Bibi akampapasa uso kwa vidole, akafika kwenye jicho lililokufa, akasita hapo.

"Mtoto mdogo hivi," akasema.

Machozi yakamteremka moja kwa moja, maana hapakuwa na kope za kuyazuia. Akageuka tena upande wa mwanawe, ambaye sasa Sajini alikuwa amemshika mkono.

"Nimekuuliza, Zephaniah."

Mlango wa daktari ukafungwa nyuma ya Ndunge. Ndani, maji yakasikika yakimiminwa kwenye beseni.

"Nilijua, mama," akasema Zephaniah. "Nililisoma jina lake, ndipo nikabonyeza."