Poka ya Saa Saba

Kifungo cha kwanza kilikuwa cha moto.

Dobi alikiokota mezani saa saba mchana, kwenye chumba cha nyuma ya duka lake, akidhani kimedondoka kwenye koti la mteja, na vidole vikaruka kabla akili haijajua kwa nini. Alikitazama kikizunguka sakafuni. Kilikuwa kifungo cheupe cha shati, cha matundu manne, cha kawaida kabisa. Pasi zote zilikuwa zimezimwa. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa mapumziko, na mkewe alikuwa nyumbani, ng'ambo ya ua, akipika chakula chao na cha mjane wa mdogo wake.

Mdogo wa dobi alikuwa amezikwa wiki sita nyuma.

Ndugu hao wawili waliendesha duka lile miaka kumi na mmoja, mkubwa kwenye pasi, mdogo kwenye tangi la mvuke, na kila saa saba walifunga mlango wakacheza poka. Hawakuchezea pesa, mkubwa asingekubali. Walichezea vifungo vilivyobanduka kwenye nguo za watu vikakosa mwenyewe, chupa nzima ya jamu. Dau lilikuwa na kikomo: kifungo kimoja karata za katikati zikiwa chache bado, viwili zikishafunuliwa nyingi, na hakuna kusukuma rundo zima kwa mpigo. Kila mgawo, kila mmoja alitanguliza kifungo kabla hajaona kitu.

Mtaani walimwita mkubwa Kufuli. Katika migawo kumi, minane alitupa karata na kumwachia mwenzake dau, akikaa kimya na uso wa ukuta mpaka aletewe jozi ya ree, karata kubwa kuliko zote. Mdogo aliitwa Petroli. Huyo aliongeza dau hata akiwa ameshika takataka, akiimba, akikukodolea macho, mpaka unaona haya kuwa na karata nzuri.

"Kaka," alikuwa akisema, "tungekuwa kumi hapa mezani ningekusifu kwa busara. Tuko wawili! Unamngoja nani? Kila ukitupa, nakula kimoja. Utakufa njaa na ufunguo wa ghala umeushika."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Halafu tangi la mvuke likapasuka, na Petroli alikuwa mbele yake. Msibani Kufuli aliwaambia watu kwamba mdogo wake alichezea vali kwa haraka zake, na watu wakatikisa vichwa. Walimjua Petroli.

Siku ya pili baada ya kile kifungo, Kufuli aliingia chumba cha nyuma akakuta karata zimegawiwa, mbili upande wake, mbili upande wa pili, na kifungo kimoja kimetangulizwa katikati. Hewa ilinuka sufi iliyoungua. Kiti cha mdogo wake kililia, kama kiti kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito.

"Kaaaka," ilisema sauti, nyembamba kama mvuke unaovuja penye nati iliyolegea. "Weka."

Mwingine angekimbia. Kufuli aliketi, na machozi yakamtoka, kwa sababu kwa wiki sita hakuna aliyemwita kaka.

Walicheza. Upande wa pili uliongeza dau bila kungoja, mgawo wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukigonga meza kwa kitu ambacho hakuwa na ujasiri wa kukitazama, na Kufuli alitupa, akatupa tena, akatupa tena. Ilikuwa Petroli mtupu. Saa nane ilipogonga kiti kililia, harufu ikaondoka, na vifungo ishirini na sita havikuwepo. Alirudi kwenye pasi karibu anatabasamu.

Siku ya nne mkewe aliingia dukani mbio.

"Unachoma nini?"

"Sichomi kitu."

"Mkono wako! Toa mkono wako!"

Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimelala chini ya pasi, ngozi inatoa moshi, na yeye alikuwa hasikii chochote. Mkewe alipomshika ili amfunge kitambaa, aliachia ghafla. "Mbona wa baridi hivi? Kama wa..." Hakumalizia.

Baridi haikuishia kwake. Chai ilipoa kabla haijafika mdomoni. Mjane wa Petroli, mwenye mimba ya miezi saba, alianza kulala na mablanketi matatu, jua kali likiwa nje, akitetemeka na kuomba radhi kwa kutetemeka. Usiku mkewe alimnong'oneza Kufuli, "Nimemshika tumbo leo. Ni la baridi. Tumbo lenye mtoto haliwi la baridi, mume wangu."

Hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa kinaliwa. Kama angepoteza mgawo mmoja mkubwa angeshtuka mapema, lakini hakupoteza mkubwa hata mmoja. Alikuwa anapoteza kifungo kimoja kimoja, kwa kutupa, kwa kungoja ree zisizokuja, na kila kifungo kilichovuka meza kilivuka na joto la nyumba yake.

Angeweza kuacha kwenda. Alijaribu. Siku hiyo saa saba ilimkuta uani, na mjane alipiga yowe chumbani, akashika kiuno na kusema kuna kitu kimempitia kama maji ya kisima. Kwa hiyo alirudi mezani, na mara hii aliamua kucheza kama Petroli.

Aliongeza dau kabla hajaangalia karata. Upande wa pili ukanyamaza. Ukatupa. Akaongeza tena; ukatupa tena. Vifungo vikaanza kurudi, vya vuguvugu, na moyo wake ukapiga mbio kwa furaha aliyoisahau tangu utotoni, akaanza hata kuimba wimbo wa mdogo wake, akiongeza, akigonga meza kwa kiganja chenye bendeji, akiongeza, na kile kilichokaa mbele yake kilitupa kwa utulivu, kikatupa, kikatupa, kimya, kikisubiri kwa subira aliyoijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani, na alipokuwa ameshika saba na mbili zisizofaa hata kuwashia jiko akaongeza, kikaongeza juu yake, akaongeza juu yake, kikaongeza tena mpaka kikomo, na kila karata ya katikati ilipofunuliwa wakafika kikomo tena, kwa sababu hakujua tena namna ya kusimama.

Karata za upande wa pili zilijifunua. Ree mbili.

"Ngoja ngoja," ilisema sauti, na mara hii haikuwa nyembamba, ilikuwa sauti ya Kufuli mwenyewe.

Petroli hakuwahi kungoja hata chai ipoe. Asingeweza kutupa migawo kumi mfululizo hata kwa kushikiwa panga. Kile hakikuwa mdogo wake. Kilikuwa kikimchezea Kufuli kwa moto, na Kufuli alipowaka, kikamchezea kwa kufuli.

Ng'ambo ya ua mkewe alikuwa anaita. Mtoto hakuwa amecheza tumboni tangu asubuhi.

Mkewe ndiye aliyemleta mtaalamu, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye watu wa mtaa walimcheka mchana na kumfuata wakibanwa. Aliingia chumba cha nyuma, akanusa, akakataa kiti. Mjane alikuwa ameegemea mlangoni, blanketi mabegani.

"Hili jini halikutumwa na mtu," mtaalamu alisema kwa sauti ya chini. "Limepata nafasi tu. Kuna maiti imesingiziwa. Ukimsingizia maiti, jina lake linabaki wazi kama koti lisilo na mwenyewe, na chochote kinachopita kinaweza kulivaa. Nani alimsingizia?"

Kiti kitupu kililia taratibu. Harufu ya sufi iliyoungua ilianza kupanda.

"Mimi sijui," alisema Kufuli.

"Basi mimi sina dawa. Siwezi kumtapisha mtu neno alilolimeza."

"Mume wangu?" Mkewe alikuwa anamwangalia kana kwamba amemwona sasa hivi.

Kufuli alitazama chini. Hata pale, Mungu amsamehe, alikuwa anapima kama kuna njia ya kungoja.

"Shemeji," mjane alisema, mikono miwili tumboni, meno yakigongana. "Kama unacho, toa. Nakuomba."

Akatoa.

"Alinionyesha ile vali mbovu ya tangi mara tatu. Nikamwambia tungoje. Asubuhi ile alikataa kuwasha tangi. Alikataa kabisa, alisimama pale mlangoni ulipo wewe, akasema kaka, leo siwashi, mke wangu ana mimba. Nikamcheka. Nikamwambia tangu lini Petroli akaogopa moto. Nikamwita mwoga. Ndipo akaenda."

Kisha kitu kilipiga mluzi ndani ya chumba, mrefu, kama birika lililosahauliwa, mluzi ukapanda mpaka wote wakaziba masikio, nguo zilizotundikwa zikajaa upepo kama watu waliovuta pumzi pamoja, kioo cha dirisha kikapasuka toka juu hadi chini, na ukatoka. Kikabaki chumba cha kufulia chenye joto la mchana. Mjane aliinama ghafla, akashika ubavu.

"Amepiga teke," alisema.

Mtaalamu alikunja mkoba wake, akawaaga wale wanawake wawili, Kufuli hakumuaga.

Jioni ile ile mjane alifunga mizigo. Kufuli alimfuata mpaka getini, akamwambia jini limeshaondoka, nyumba ni salama, hana haja ya kwenda popote katika hali ile.

"Najua limeondoka," alisema mjane. "Jini nilimvumilia, shemeji. Wewe siwezi."

Mkewe alibeba begi la mjane. Alisema anamsindikiza tu, atakaa naye mpaka ajifungue. Hakusema atarudi lini, na Kufuli hakuuliza.

Miezi mitatu na kitu baadaye mteja mmoja alileta sare tatu za kazi. Kufuli alikuwa anaandika tiketi.

"Na hongera," mteja alisema. "Nasikia umekuwa baba mkubwa. Msichana, eti? Na mwezi umeshatimia! Mama yake haachi kumpakata, wanasema kafanana na baba yake macho yote mawili."

Kalamu ilisimama.

"Ahsante," alisema Kufuli. Akamuuliza kama kola ziwekwe wanga.