Vanila Kando ya Mabati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Namalwa aliukagua mvanila wake uliotambaa kwenye nguzo, karibu na ukuta wa mabati nyuma ya nyumba yao huko Makindye. Alikuwa ameutunza miaka mitatu, na sasa ulikuwa umetoa vikonyo vya maua kwa mara ya kwanza.

Jumatatu alikuta majani mawili yamegeuka manjano. Jumatano vikonyo viwili vilikuwa vimeanguka. Jioni hiyo udongo ulikuwa umelowa, ingawa mvua haikunyesha, na palikuwa na alama za ndala kubwa.

"Ni Mama Barnabé," alimnong'oneza rafiki yake Atoo. Mama huyo alikuwa jirani mpya kutoka Bukavu, muuza maandazi. "Nadhani anaumwagia maji ya sabuni."

Atoo hakukaa na maneno hayo. Kufikia Ijumaa, watoto wa mtaa huo walikuwa wameacha kununua maandazi ya mama huyo.

Jumamosi saa sita mchana, Namalwa alijificha nyuma ya tangi la maji. Mama Barnabé akaja amebeba jagi na kitenge kikuukuu. Namalwa akachomoka.

"Nimekukamata! Unaua mvanila wangu!"

Mama yake Namalwa alitoka jikoni mbio. "Namalwa! Ndivyo unavyosema na mtu mzima?"

Mama Barnabé akamshika msichana mkono. "Mutoto, gusa hii mabati."

Namalwa aligusa, akarudisha vidole upesi. Yalichoma kama kikaango.

"Vanila haiwezi joto hili. Kwetu tuliipanda chini ya migomba. Niliona majani yanaungua, na mchana mara nyingi ninyi hamko. Basi nafunga kitenge juu yake kiipe kivuli, nalowesha udongo. Saa nane nakitoa, nafunikia maandazi."

"Mbona hukutuambia, dada?" mama aliuliza.

"Nilitaka. Lakini siku hizi watu wananiepuka, sijui kwa nini."

Machozi yalimlengalenga Namalwa. "Ni mimi, Mama Barnabé. Nilimwambia Atoo kwamba unauharibu. Nisamehe."

Alasiri hiyo watatu hao walijenga kichanja cha majani ya migomba juu ya mvanila, wakafunika udongo kwa nyasi kavu. Kisha Namalwa na Atoo wakapita nyumba kwa nyumba wakikanusha uvumi wao. Haikuwa rahisi, wengine waliwacheka.

Wiki iliyofuata, ua la kwanza lilichanua.

"Hukukosea kuwa na shaka," mama alimwambia Namalwa. "Ulikosea kuisambaza kabla ya kuuliza. Mlango wa Mama Barnabé uko hatua kumi tu kutoka kwetu."