Mwenye Mwili Hajaulizwa

Mwanamkuu alitua debe la maji, akakaa kando ya njia. Zamani alitoka kisimani mpaka nyumbani bila kupumzika. Sasa moyo ulimwenda mbio na masikio yalivuma. Alingoja mpaka pumzi ikatulia. Kisha akajitwika debe, akaendelea polepole.

Nyumbani mama mkwe wake, Bi Swaumu, alikuwa akipepeta mchele.

"Umechelewa, mwanangu."

"Nilipumzika njiani, mama. Miguu mizito siku hizi."

Bi Swaumu alimtazama machoni, akamvuta kope ya chini kwa kidole. Ndani ya kope palikuwa peupe.

"Hiyo ni safura," alisema. "Nusu ya watu wa hapa wanayo."

Hayo yalikuwa Sofu, wilaya ya Kisarawe, mwaka 1957. Mwanamkuu na mumewe Mwishehe walilima mihogo na kunde, na mpunga kule bondeni. Mwishehe pia aliuza machungwa kando ya barabara ya Morogoro. Walikuwa na binti mmoja, Mwanne. Nyumba yao ilikuwa safi, lakini haikuwa na choo. Walikwenda vichakani nyuma ya migomba, kama majirani wengi. Na wote walitembea pekupeku.

Wiki ile Jumbe Mwinyijuma aliwaita wanaume barazani kwake. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji.

"Daktari atakuja Alhamisi," alisema. "Analeta dawa mpya ya safura. Anataka kuijaribu hapa kwetu. Nataka kila nyumba inywe. Nani atakataa?"

Hakuna aliyekataa. Zamu ya Mwishehe ilipofika, alisimama.

"Nyumba yangu iko tayari. Mimi, mama yangu na mke wangu."

"Vizuri," alisema Jumbe.

Mwishehe alirudi nyumbani amefurahi. Alimkuta mkewe anamenya mihogo.

"Mama Mwanne, umepata dawa. Alhamisi tutakunywa sote."

"Dawa gani?"

"Dawa mpya ya safura. Si wewe unayechoka kila siku?"

"Na wewe umeshakubali?"

"Nimekubali kwa ajili yetu sote. Neno nimelitoa mbele ya Jumbe."

Mwanamkuu aliendelea kumenya mihogo. Alikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Miezi miwili ilikuwa imepita bila kuona siku zake. Baada ya Mwanne, mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Kila mara alikuwa ametangaza mapema, na kila mara watu walikuja kumpa pole. Safari hii aliamua kunyamaza mpaka tumbo lionekane lenyewe.

Aliiogopa dawa asiyoijua. Aliogopa pia kumvunjia mumewe neno lake. Mpaka Alhamisi hakuwa amesema kitu.

Siku hiyo gari la hospitali lilisimama karibu na shule. Alishuka daktari, Mwingereza aliyesema Kiswahili polepole lakini vizuri. Pamoja naye alikuwa nesi mmoja, mama wa makamo, jina lake Wilhelmina. Kwao ni Maneromango, katika familia ya Kilutheri. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi.

Jumbe aliwapanga watu mstari. Lakini Wilhelmina aliwaomba waketi kwanza.

"Safura inaletwa na minyoo midogo sana," alianza. "Inakaa tumboni na kunyonya damu. Mtu akienda haja kichakani, mayai ya minyoo yanabaki kwenye udongo. Yanaanguliwa. Mwingine akipita pekupeku, minyoo inapenya kwenye ngozi ya miguu. Ndivyo tunavyoambukizana."

Watu walitazama miguu yao.

"Dawa ya zamani ipo," aliendelea. "Inatoa minyoo, lakini ni chungu na inaleta kizunguzungu. Sasa imetengenezwa dawa nyingine. Hatujui kama ni bora kuliko ile. Kwa hiyo watu wengine watapewa mpya na wengine ya zamani, kisha tutalinganisha."

Mwishehe aliinua mkono. "Nesi, kama hamjui, kwa nini mnatupa?"

"Umeuliza vizuri, ndugu yangu. Imeshajaribiwa kwa watu wachache, haikuwadhuru. Lakini hatujajua yote. Ndiyo maana hatumlazimishi mtu. Anayetaka aseme ndiyo. Asiyetaka aseme hapana, na atatibiwa kwa dawa ya zamani kama kawaida. Hata aliyesema ndiyo, kesho akibadili nia, ruhusa."

Jumbe hakupendezwa. "Bibi, jambo hili tumelimaliza. Wenye nyumba wameshakubali."

"Ahsante, Jumbe, umetusaidia kuwaita watu," alijibu Wilhelmina kwa adabu. "Lakini dawa inaingia katika mwili wa mtu. Huyo mwenye mwili bado hajaulizwa. Tutamuuliza kila mtu peke yake."

Jumbe alimgeukia daktari.

"Ni kweli," alisema daktari. "Pasipo hivyo, hatutoi dawa."

Watu walianza kuingia darasani mmoja mmoja. Aliyekubali alitoka, akanyweshwa dawa na daktari pale nje. Zamu ya Mwanamkuu ilipofika, Wilhelmina alifunga mlango.

"Shikamoo, mama," alisema Mwanamkuu.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umesikia niliyosema nje?"

"Nimesikia."

"Unaionaje dawa hii?"

Mwanamkuu alitazama chini. "Mume wangu amekubali."

"Mumeo nitamuuliza habari za mwili wake. Sasa nakuuliza wewe. Utakalosema halitatoka humu, ila wewe ukitaka."

Nje sauti za watu zilisikika. Wilhelmina hakumharakisha.

"Mama," alisema mwishowe, "dawa hii inamfaa mwenye mimba?"

Wilhelmina alivuta kiti karibu. "Una mimba?"

"Nadhani. Mbili zimeharibika. Hii sijamwambia mtu."

"Basi usiinywe dawa hii, mwanangu. Hakuna anayejua itamfanya nini mtoto aliye tumboni. Tungekupa bila kukuuliza, tungekosa vibaya."

Mwanamkuu alianza kulia. Alilia bila sauti, akajifuta kwa upindo wa khanga.

"Sasa mtaniacha bila dawa?"

"Hatukuachi. Nitakupa vidonge vya kuongeza damu. Ule kisamvu, mchicha, kunde, na maini ukiyapata. Minyoo tutaitoa baadaye, mtoto akishazaliwa, kwa dawa tunayoijua. Na kila mwezi uje kliniki nikutazame. Mimba ya mtu mwenye damu kidogo inataka kuangaliwa."

Mwanamkuu alipotoka na vidonge mkononi, Mwishehe alimwona. Hakumwona akinywa dawa. Alimfuata Wilhelmina mlangoni.

"Nesi, mbona mke wangu hakunywa?"

"Muulize mwenyewe."

"Mimi ni mumewe."

"Najua, ndugu yangu. Lakini habari za mgonjwa huzitoa mgonjwa. Na wewe ukiniambia lako, sitamwambia mtu."

Jumbe alikuwa karibu. "Mwishehe," alisema, "kumbe nyumbani kwako neno lako halifiki?"

Watu wachache walicheka. Mwishehe aliona uso unamchoma. Aliingia, akakubali, akapangiwa ile dawa mpya, akainywa, kisha akaondoka mbele bila kumngoja mkewe.

Mwanamkuu alipofika nyumbani alimkuta ameketi barazani.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema Mwishehe. "Kama hukutaka, kwa nini hukuniambia?"

"Baba Mwanne, nina mimba."

Mwishehe aliinuka.

"Wale wawili uliwazika wewe, nyuma ya nyumba. Huyu niliogopa hata kumtaja. Leo nilikuwa nimeshasimama kwenye mstari. Nesi asingeniuliza, ningekunywa. Ningekunywa kwa sababu ulikuwa umeshasema."

"Mimi ningejuaje?"

"Ungeniuliza."

Bi Swaumu alikuwa mlangoni, akadakia.

"Na mimi hukuniuliza, mwanangu. Nimemwambia nesi mimi mzee, sitaki mambo ya kujaribu. Amenipa ile ya zamani. Chungu kweli, lakini nimeimeza."

Mwishehe alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. Akaondoka kwenda shambani, na hakurudi mpaka magharibi. Aliporudi alikuwa na furushi la kisamvu. Alilitua mbele ya Mwanamkuu.

"Unasikiaje sasa?" aliuliza.

"Nimechoka tu."

"Kuanzia kesho maji nitachota mimi."

Asubuhi Mwishehe mwenyewe alikuwa na kizunguzungu. Alitapika mara kadhaa. Wilhelmina alipopita kuwatazama waliokunywa, alimkuta amelala kwenye mkeka.

"Dawa hii inanitesa, nesi. Mlisema kuna dozi ya pili wiki ijayo. Nitalazimika kuinywa?"

"La. Ukitaka kuacha, acha. Nitakupa ile ya zamani ukipata nguvu."

"Na daktari hatakasirika?"

"Atashukuru kwamba umesema. Hata kutapika kwako ni habari anayoihitaji."

Mwishehe alifikiri kidogo. "Nimekubali kwa hiari yangu, na bado nimeogopa. Je, yule niliyemjibia mimi?"

Wilhelmina alimpa maji ya kunywa.

Alipopona, Mwishehe alikwenda kwa Jumbe. Hakwenda kugombana. Walizungumza juu ya mvua kwanza, kisha akaeleza habari za mkewe. Mwanamkuu alikuwa amempa ruhusa.

Jumbe alichezea fimbo yake.

"Nilitaka watu wapone," alisema. "Niliona wakiulizwa mmoja mmoja, wengi watakataa, na daktari atakwenda kwingine."

"Wamekataa wangapi, Jumbe?"

"Wachache tu. Mama yako mmoja wao."

"Na wote wametibiwa."

"Wote wametibiwa," alikubali Jumbe.

Daktari alikuwa anakwenda upande wa Tumbi baada ya pale. Jumbe Mwinyijuma alimtuma mtu kwa jumbe mwenziwe wa kule. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Waite watu wako, lakini usiwajibie."

Mwezi ule ule Mwishehe alichimba choo cha shimo nyuma ya migomba, mbali na kisima. Alikiezeka kwa makuti na kukiwekea kifuniko cha mbao. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alimcheka, wawili wakaazima jembe lake na kuchimba vyao. Bi Swaumu alisema wote wa nyumba ile wavae makubazi shambani, na yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya jambo hilo.

Mwanamkuu alikwenda kliniki kila mwezi. Alimeza vidonge vyake. Ndani ya kope zake palianza kuwa na wekundu. Tumbo likaonekana lenyewe, kama alivyotaka, na majirani wakaona. Wilhelmina alimshauri asijifungulie nyumbani, kwa sababu damu yake bado haikuwa ya kutosha kama angetokwa na nyingi. Mimba ilipokaribia kutimia, Mwishehe alimpandisha lori mpaka Kisarawe. Mwanamkuu alikaa kwa shangazi yake karibu na hospitali. Uchungu ulipomjia alikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa wodi.

Alizaa mtoto wa kiume. Alitokwa na damu kweli, lakini wauguzi walikuwapo, wakaizuia. Mtoto alipewa jina la Saburi. Baadaye Mwanamkuu alikunywa dawa ya minyoo, ile ya zamani, akarudi Sofu akiwa mzima.

Saburi alipoanza kukaa mwenyewe, daktari na Wilhelmina walirudi. Daktari alitaka kuwaambia watu majibu ya ule uchunguzi. Watu walikusanyika tena shuleni.

"Dawa mpya inatoa minyoo," alisema daktari, "lakini haiishindi ile ya zamani. Na imewatapisha watu wengi zaidi. Kwa hiyo tutaendelea na ya zamani."

Minong'ono ilipita. "Basi tumesumbuka bure?" aliuliza Mwishehe.

"Si bure," alijibu Wilhelmina. "Sasa tunajua. Watu wa mahali pengine hawatapewa dawa ile wakidhani ni bora. Mmewasaidia msiowajua. Ndiyo maana tumerudi kuwaambia. Mlitupa msaada, mna haki ya kujua ulikwenda wapi."

Watu waliliona jambo hilo kuwa sawa. Kisha daktari alisema wangependa kuwapima watoto wadogo uzito, na kuchukua tone la damu kidoleni.

Jumbe Mwinyijuma alisimama. "Mmesikia. Kila mwenye mtoto atajibu mwenyewe."

Wilhelmina na daktari walifika kwa Mwishehe na mkewe. Mwishehe alifungua mdomo, kisha akaufunga. Akamgeukia mkewe.

"Mama Mwanne, unasemaje?"

Mwanamkuu alimpakata mtoto vizuri. "Damu hiyo ni ya nini, mama?"

"Ni ya uchunguzi wetu, kujua watoto wa hapa wana damu kiasi gani. Saburi ananawiri, hahitaji kipimo hicho kwa matibabu yake."

"Mpimeni uzito," alisema Mwanamkuu. "Damu, hapana. Jana alikuwa na homa kidogo."

"Haya," alisema daktari. "Uzito tu."

Wilhelmina alimweka Saburi kwenye mizani. Mtoto alirusha miguu na kuishika kamba ya mizani kwa mikono yote miwili. Uzito wake ulikuwa mzuri. Mwanamkuu alimchukua, akamfunga mgongoni kwa khanga, akaaga. Daktari akaenda kwa mama aliyefuata, akachutama mbele yake, akaanza kumweleza tangu mwanzo.