Mikusu Dume ya Kilima cha Mawe

Mwaka ule mikusu ya Kilima cha Mawe haikuzaa. Novemba ilifika, mvua za kwanza zikanyesha, na chini ya miti hakukuwa na kitu ila majani makavu na samadi ya ng'ombe.

Kilima hicho kipo kando ya njia ya zamani ya misafara, nje ya mji wa Tabora, na kila nyumba pale kijijini iliokota makusu huko. Mahindi yakiwa bado machanga na ghala limebaki vumbi, watu walikula matunda hayo. Bibi Ng'washi aliyakamua kwenye uji badala ya sukari. Mengine aliyapeleka mjini, sokoni Ng'ambo. Mjukuu akiumwa tumbo, alichimba mzizi mdogo wa mkusu, akauchemsha, akamnywesha.

"Uji gani huu, bibi?" Shilinde alilalamika asubuhi moja. "Kama maji ya kusuuzia sufuria."

"Basi mpe Levina. Yeye hana maneno mengi kama wewe."

Levina, binamu yake, alikuwa darasa la sita. Alikunywa uji wake. Alikuwa akimfikiria Sayi, rafiki yake wa dawati moja. Sayi ni binti wa Lugembe, mfugaji aliyehamia pale kutoka Igunga, na kijiji kizima kilisema ng'ombe wa Lugembe ndio walioharibu mikusu. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Damas, alikuwa ameitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Lugembe akionekana na kosa, atoe mifugo yake kilimani. Maji ya mifugo yako huko huko, kwa hiyo maana yake ni kuhama.

"Tukihama, nani atakufundisha hesabu?" Sayi alimwambia Levina. Alitaka uwe utani, lakini hakucheka.

Jumamosi Levina na Shilinde walipanda kilimani na baba mdogo wao, Revocatus, kumsaidia kukagua mizinga ya nyuki. Katikati ya mteremko Revocatus alisimama mbele ya kisiki. Akaona kingine, na kingine.

"Nani kakata hii?"

"Sisi, baba mdogo," Levina alijibu bila woga. "Mwaka jana, kuni za uji wa shule. Lakini tulishika mwiko! Mkusu wenye matunda haukatwi. Tuliangalia kila mti kwanza. Tulikata ile isiyo na kitu tu."

"Ile mivivu," Shilinde alidakia.

Revocatus alikaa juu ya kisiki. "Mivivu? Wewe Shilinde, baba yako amewahi kubeba mimba?"

"Hapana."

"Basi tumkate?"

Shilinde alikuja kukaa kando yake.

"Mkusu una dume na jike, kila mmoja mti wake," Revocatus alisema. "Dume hazai. Kazi yake ni maua yenye chavua. Wadudu wanaibeba chavua hiyo na kuipeleka kwenye maua ya majike. Mliyakata madume kabla hayajachanua. Majike yakatoa maua, yakakosa chavua, maua yakadondoka."

Levina alitazama visiki. "Kwa hiyo si ng'ombe wa baba Sayi."

"Ng'ombe hashiki panga."

Wakati wa kushuka, Shilinde alimvuta Levina nyuma. "Tunyamaze. Lugembe mtu mzima, atajitetea. Sisi tutachapwa."

Levina aliendelea kushuka.

Jumapili Lugembe alisimama mbele ya watu, kofia mkononi. Kila alipoanza kusema, mtu alimkatiza. Revocatus, aliyekaa nyuma, alikuwa anamtazama Levina, akisubiri aseme mwenyewe. Mzee Damas alipotaka wanaosema Lugembe ana kosa wanyooshe mikono, Levina alisimama.

"Shikamooni. Baba Sayi hana kosa. Sisi tulikata mikusu dume, mimi na Shilinde."

"Mimi nilishika panga tu!" Shilinde alipiga kelele.

"Na panga likakata lenyewe?" mama mmoja aliuliza. Watu wakacheka, na hasira ikapungua. Revocatus akasimama, akaeleza habari ya madume na majike. Mzee Damas alimwomba Lugembe radhi mbele ya wote.

Wiki hiyo hiyo Lugembe alileta miiba mwenyewe. Yeye, Sayi, Levina na Shilinde walizungushia visiki vyote ili machipukizi yasiliwe. Dume moja lilikuwa limesalia juu, kati ya mawe, ambako panga halikufika. Revocatus alihamishia mizinga miwili karibu nalo. Msimu uliofuata, majike ya upande ule yalizaa, na Shilinde alikunywa vikombe vitatu vya uji bila neno.

Siku hiyo Revocatus aliwaita.

"Usiuite mti wa bure kwa sababu hujui kazi yake," alisema. "Na ukikosea, sema kabla mwingine hajalipia kosa lako. Sasa nisomeeni hesabu ya hasara yenu."

Levina alihesabu kwa vidole. Mikusu dume kumi na mmoja. Msimu mmoja mzima bila makusu, na misimu mingine ya nusu nusu hadi machipukizi yakue na kuchanua. Jumapili moja ambayo baba Sayi alisimama mbele ya watu kama mwizi.

"Na mlipata nini?"

"Kuni za uji," Levina alisema. "Za wiki mbili."